Besi na Mizani: Tahakiki ya Fani katika "Charonyi ni Wasi"

1. Utangulizi

Uhakiki wa nyimbo za dansi katika idara zetu umezoea njia moja. Mhakiki huyaandika maneno ya wimbo kwenye karatasi, huyagawa katika beti, kisha huyachambua kana kwamba ni shairi lililoandikwa lisomwe: dhamira ni hii, tamathali ni ile, ujumbe kwa jamii ni huu. Ala hutajwa katika aya moja, aghalabu ya mwisho, na kupewa sifa za jumla kama vile "tamu" au "zenye mdundo wa kuvutia". Makala haya yanakusudia kuipinga desturi hiyo. Tutafanya hivyo kwa kuichunguza ala moja ambayo hata wasikilizaji hodari huisahau, yaani gitaa la besi, na kwa kuutazama wimbo mmoja ambao maneno yake hayakueleweka na wengi wa wale waliouchezea.

Wimbo wenyewe ni "Charonyi ni Wasi" wa bendi ya Maroon Commandos, uliovuma nchini Kenya mwaka 1977. Bendi hiyo iliundwa mwaka 1970 na askari wa batalioni ya saba ya jeshi la nchi kavu la Kenya. Kiongozi wake aliyejulikana zaidi alikuwa Habel Kifoto, mwana wa Taita, aliyefariki mwaka 2011. Wimbo uliimbwa kwa Kidawida, lugha ya watu wa milima ya Taita, ambayo wasemaji wake ni wachache wakilinganishwa na umati wa walioununua na kuucheza. Hapo ndipo penye swali letu. Ikiwa wimbo ni maneno tu, basi watu hao walinunua kitu gani?

2. Jina la wimbo na msikilizaji asiye Mdawida

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi ya jarida hili. "Charo" kwa Kidawida ni safari. Kiambishi "-nyi" huonyesha mahali, kama "-ni" ya Kiswahili, na "wasi" ni ubaya au taabu. Kwa hiyo jina la wimbo lina maana ya kwamba safarini, au ugenini, ni taabu. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ili aingie nusu ya njia. "Ni" anaijua. Umbo la "charonyi" linafanana na "safarini", na "wasi" humletea mwangwi wa "wasiwasi". Maneno hayo mawili ya mwisho hayana nasaba moja, maana "wasiwasi" lina asili ya Kiarabu. Hata hivyo, sikio la kawaida haliulizi nasaba. Sikio hukamata hisia, na hisia hapa haikupotea mbali.

Jina hili lina ardhi yake pia. Mji wa Voi ulikua kutokana na reli. Njia ya Mombasa kwenda Uganda ilifika hapo katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia likajengwa tawi la kuelekea Taveta na kuendelea hadi Moshi. Tangu hapo Voi imekuwa njia panda. Waliotoka Wundanyi, Mwatate na vijiji vya milimani kutafuta kazi Mombasa au Nairobi walishuka Voi, wakapanda gari moshi. Wengine hawakwenda mbali, waliishia katika mashamba ya mkonge ya tambarare. Tangu 2017 abiria hutumia reli mpya, nayo pia ina kituo Voi. Kwa Mdawida, basi, "charo" si neno la mapambo. Ni sura ya uchumi wa nyumbani kwake kwa zaidi ya miaka 100.

Uchambuzi wa maudhui unaweza kutufikisha hapa, na ni mahali pazuri. Lakini hauwezi kutueleza kwa nini Mjaluo wa Kisumu au Mkikuyu wa Nyeri, asiyejua milima ya Taita wala "charo", aliinuka kitini.

3. Kidole gumba kilichopewa mtu wake

Ili kuelewa kazi ya besi hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Hugh Tracey alipomnasa Jean-Bosco Mwenda huko Katanga mwaka 1952, alimkuta mtu mmoja mwenye gitaa moja akifanya kazi ya watu wawili: vidole vyake vilichora wimbo juu, na kidole gumba kikatembea chini katika nyuzi nzito. Upigaji wa namna hiyo ulienea Afrika Mashariki yote. Mwaka mmoja kabla yake, huko Marekani, Leo Fender alikuwa ameanza kuuza gitaa la umeme la besi lenye nyuzi nne, zinazolia oktavu moja chini ya nyuzi nne nzito za gitaa la kawaida. Magitaa ya umeme yalipozagaa katika bendi zetu, mgawanyo wa kazi ulibadilika. Gitaa la solo lilipewa vidole, gitaa la ridhimu likajaza katikati, na kidole gumba kikapata mtu wake mzima, aliyesimama nyuma karibu na ngoma, mpiga besi.

Mpiga besi katika dansi ana majukumu matatu. Kwanza, hushika wakati, akishirikiana na ngoma. Pili, hushika mzizi wa sauti: hutangaza ni ipi kati ya sauti za msingi bendi imesimama juu yake, na lini inahama. Tatu, naye huyu ndiye asiyesifiwa, huacha nafasi. Besi ya rumba haijazi kila pigo. Hupiga, hunyamaza, hupiga tena, na mchezaji huweka mguu katika ule ukimya. Besi ya benga, iliyokuzwa na bendi za Nyanza na kupelekwa mbali na Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani, ni tofauti: hukimbia, huchokoza, na mara nyingine hushindana na solo. Maroon Commandos waliijua mitindo yote miwili, wakachukua mengi pia katika dansi la Tanzania. Lakini wimbo wetu umelala upande wa rumba.

4. Panki: mfano wa kinyume

Ubora wa kitu huonekana kikiwekwa kando ya kinyume chake. Mwaka uleule wa 1977 zilitoka London albamu za kwanza za bendi za Sex Pistols na The Clash, katika mtindo uitwao punk. Kwetu neno hilo, katika umbo la panki, lilijulikana kwanza kama jina la mkato wa nywele kabla ya kuwa jina la muziki. Katika muziki huo besi ilipewa nafasi ya ajabu. Paul Simonon wa The Clash alijiunga na bendi kabla hajajua kupiga, akachora herufi za sauti kwenye shingo ya gitaa lake ili aone pa kuweka kidole. Sid Vicious alijulikana dunia nzima kama mpiga besi wa Sex Pistols, lakini sehemu kubwa ya besi katika sahani yao hiyo ilipigwa na mpiga gitaa Steve Jones. Besi ya panki aghalabu hurudia sauti moja ya mzizi, pigo baada ya pigo, bila pengo, kama mtu agongaye mlango uliofungwa.

Hoja ya panki ilikuwa ya kijamii: kwamba ala si mali ya waliosomea, na kwamba hasira ya kijana asiye na kazi yatosha kuwa cheti cha kupandia jukwaani. Fani iliyatii maudhui. Maneno yalikaripia na besi ikakaripia. Hata Nairobi ya leo inayo bendi ya mkondo huo, Crystal Axis, iliyotunga juu ya mateso ya Nyayo House na juu ya mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Mhakiki aliyefunzwa kwamba fani bora ni ile iendayo bega kwa bega na maudhui atauona mtindo huo kuwa mkamilifu, na ataulaumu wimbo wa Kifoto. Atasema: hapa mtu analia kwamba ugenini ni taabu, na chini yake besi inaalika watu kucheza! Je, huku si kuyasaliti maudhui? Je, bendi ya askari haikuituliza taabu ya wananchi badala ya kuifichua?

5. Besi kama mizani

Shutuma hiyo ni nzito, nasi hatuwezi kuijibu kwa kusema tu kwamba dansi ni burudani. Jibu letu la kwanza ni hili: mpiga besi wa "Charonyi ni Wasi" hachezi kinyume cha maneno. Anaeleza upande wa pili wa hali ileile. Mtu aliye charonyi hana taabu tu, ana zamu pia. Huamka, hupanga foleni, hufanya kazi, hupokea mshahara, hutuma sehemu nyumbani, na kesho huanza tena. Sauti ya mwimbaji ni moyo wake, na besi ni siku zake. Pale moyo unapolalamika, siku zinaendelea kutembea, na wimbo usingekuwa kweli kama zingesimama ili zilalamike pamoja nao. Hasira ya panki ni ya kijana aliyekosa kazi. Uvumilivu wa besi hii ni wa mtu aliyeipata kazi mbali na kwao. Hali hizo ni mbili, na kila moja imepata besi inayoifaa.

Hapa msomaji makini atatukatiza. Atasema kwamba besi ya namna hiyo hupigwa katika rumba za arusi, za mapenzi na za kusifu wakubwa. Itakuwaje basi tudai kwamba katika wimbo huu mmoja inamaanisha uvumilivu wa mhamiaji? Pingamizi hili ni la haki, na ndilo linalotufikisha kwenye kiini cha makala.

Tutazame ushairi wetu. Utenzi wa mizani nane umebeba mawaidha ya Mwana Kupona kwa binti yake, na umebeba habari za Vita vya Maji Maji. Shairi la mizani kumi na sita limebeba posa, kejeli na maombolezo. Hatujamsikia mhakiki yeyote akidai kwamba, kwa kuwa mizani ni ileile katika shangwe na katika msiba, basi mizani haina maana. Tunajua kwamba mizani hupata maana katika uhusiano wake na maneno yaliyomo. Hesabu ileile ya silabi huwa nderemo katika utungo huu, na huwa kwikwi iliyozuiliwa katika ule. Besi ni mizani ya dansi. Haina ujumbe wake peke yake, lakini hakuna ujumbe unaopita bila kupimwa nayo. Anayeiacha nje ya uchambuzi wake ni sawa na mwalimu anayefundisha shairi kwa muhtasari wa nathari.

Yafaa pia tujihadhari na kosa la upande wa pili. Wako watakaopenda kusikia katika besi hii ngoma za Mwazindika, ule mchezo wa pepo wa Wadawida, ili wimbo uwe wa Kitaita mpaka kwenye mifupa. Hatuoni haja ya kudai hivyo. Rumba ilitoka Kongo, nayo ilinyonya sahani za Kuba. Kifoto hakuhitaji ngoma ya kwao ili aseme neno la kwao. Ustadi wake ni kwamba alitwaa mizani iliyojulikana na kila mtu Kenya, akaijaza lugha iliyojulikana na wachache, na lugha hiyo ikapita. Vivyo hivyo watunzi wa pwani walitwaa kanuni za Kiarabu wakazijaza Kiswahili, na hakuna anayewaambia leo kwamba tenzi zao si zao.

6. Hitimisho

Kutokana na haya tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, wimbo wa dansi unapoingizwa katika mitaala ya fasihi, usikilizwe darasani kabla ya maneno yake kugawanywa, na mwanafunzi aulizwe besi inafanya nini pale mwimbaji anaponyamaza. Pili, nyimbo za lugha zenye wasemaji wachache, kama Kidawida, Kisaghala na Kitaveta, zisiachwe nje ya historia ya fasihi ya taifa kwa hoja ya kwamba hazieleweki. "Charonyi ni Wasi" ilieleweka, ila si kwa njia tuliyozoea kuipima. Tatu, majina ya wapiga besi yaandikwe. Vibandiko vya sahani zetu vilitaja bendi na mtunzi, na mara nyingi vikaishia hapo. Wengi wa kizazi hicho wameshatutoka, na waliobaki ni wazee. Kazi ya kuwahoji, kuanzia Voi na milima iliyo juu yake, yaweza kufanywa na idara yoyote yenye kinasa sauti na wanafunzi wenye subira, lakini haiwezi kungoja kizazi kingine.