London 2019: Waliofagiliwa Wakiwa Bado Mbioni

Tarehe 28 Aprili 2019 Eliud Kipchoge alishinda London Marathon kwa saa 2:02:37, rekodi mpya ya njia ile, na Brigid Kosgei akatwaa ubingwa wa wanawake kwa 2:18:20. Kazi safi, haihitaji maelezo. Kilichoitia doa siku ile kilitokea nyuma kabisa, ambako kamera zilikuwa zimekwisha kuondoka: magari ya usafi yaliachiwa yawakaribie watu waliokuwa bado mbioni, wenye namba vifuani. Lilikuwa kosa la ufundi kabla ya kuwa kosa la adabu, na waliofanya kosa hilo walikuwa na kila nyenzo ya kuliepuka.

Waandaaji wenyewe ndio walioweka kundi la kumaliza kwa saa saba na nusu, wakalipatia mweka kasi rasmi. Hesabu yake ni dakika 10 na sekunde 40 kwa kilomita, yaani mwendo wa mtu anayekimbia kidogo, anatembea, kisha anakimbia tena. Hakuna aliyevamia barabara. Hata hivyo, mweka kasi huyo aliieleza BBC baadaye kwamba kundi lake lilikuta meza za maji zimekwisha kukunjwa, likalazimika kupenya katikati ya magari ya usafi, na watu wakarushiwa dawa za kusafishia barabara. Wafanyakazi wa kandarasi waliwaambia kwamba hii ni mbio, si matembezi. Wapo walioitwa wanene. Watu wazima waliojiandaa kwa miezi mingi walilia barabarani, na Mkurugenzi wa mbio, Hugh Brasher, akalazimika kuomba radhi hadharani.

Turudi kwenye ufundi. Mbio yenye watu zaidi ya 40,000 haina saa moja, ina saa mbili: ya bunduki na ya chipu. Mtu wa kundi la mwisho huvuka mstari wa kuanzia muda mrefu baada ya bingwa kuondoka, kwa hiyo msafara wa usafi ukipangwa kwa saa ya bunduki, au kwa makadirio ya ofisini, tayari umemnyang'anya dakika zake kabla hajapiga hatua. Msafara huo hupangwa kwa kumtazama mtu wa mwisho mwenyewe. Nyuma yake anatembea mhudumu mwenye redio, na hakuna lori linalosogea mpaka mhudumu huyo aseme kipande hiki kimekwisha. Mabango na uzio vitoke kwanza. Maji, vyoo na watu wa huduma ya kwanza vitoke mwisho, kwa sababu anayekaa barabarani saa saba anavihitaji kuliko aliyekaa mbili. Barabara ikilazimika kufunguliwa, na kweli jiji haliwezi kufungwa mpaka usiku, mkimbiaji ahamishiwe kando kwa maneno ya heshima na aoneshwe njia. London haikukosa redio wala watu. Ilichokosa ni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "subirini".

Safu hii imelipigia kelele jambo hili hata nyumbani, ambako lina sura nyingine. Mbio ngapi za hisani Dar es Salaam zimechelewa kuanza kwa sababu mgeni rasmi yuko njiani? Watu wamefika alfajiri, miili imepata joto na kupoa, jua limepanda, ndipo msafara unaingia na hotuba zinaanza. Wenye kasi watawahi kumaliza kabla ya joto kali. Anayelipa gharama ni mama wa klabu ya jogging anayefika kilomita ya kumi na tano saa nne asubuhi na kukuta chupa tupu zimelala chini ya meza. Mgeni rasmi akabidhi hundi mwishoni. Kazi ya kuanzisha mbio aachiwe mwamuzi mwenye saa.

Kwa nini watu wa nyuma wastahili aya zote hizi? Kwa sababu fedha wanazo wao. London ya 2019 ilichangisha pauni milioni 66.4 kwa siku moja, na jumla tangu 1981 ikavuka pauni bilioni moja. Shirika la hisani hununua nafasi, humpa mkimbiaji, naye huahidi kuchangisha, mara nyingi kiasi cha pauni 2,000, kutoka kwa ndugu, wafanyakazi wenzake na waumini wenzake. Mchungaji Steve Chalke alichangisha zaidi ya pauni milioni 2.3 katika mbio za 2011 kwa ajili ya Oasis, shirika alilolianzisha, ambalo huendesha shule katika maeneo yenye umaskini Uingereza. Street Child, lililoanzia Sierra Leone mwaka 2008, limeandaa marathoni mjini Makeni kwa ajili ya kuwarudisha watoto darasani. Hata Tanzania, ambako ada ya shule za serikali mpaka kidato cha nne ilifutwa kuanzia 2016, sare, madaftari na chakula cha mchana bado vinamshinda mzazi, na hapo ndipo michango ya namna hii inapofanya kazi.

Sasa mtume nyumbani mtu huyo bila maji, amelowa dawa ya kusafishia barabara, ametukanwa. Mwakani atarudi vipi kwa majirani zake kuwaomba mchango wa daftari za mtoto asiyemjua?

Wazee walijua kwamba mbio si ya aliye mbele peke yake. Chris Brasher, baba yake Hugh na bingwa wa Olimpiki wa kuruka viunzi na maji mwaka 1956, aliianzisha London Marathon pamoja na John Disley, na mbio ya kwanza ya Machi 1981 ilimalizwa na Dick Beardsley na Inge Simonsen wakiwa wameshikana mikono. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, Mtanzania John Stephen Akhwari wa Mbulu aliingia uwanjani wa mwisho kwa 3:25:27, saa moja na dakika tano nyuma ya bingwa Mamo Wolde, giza limeingia, goti limefungwa bandeji. Polisi walimsindikiza na wachache waliobaki majukwaani wakampigia makofi. Hakuna aliyemfagilia njia kabla hajapita. Na kwetu mbio na shule vimekwenda pamoja: Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, alistaafu mbio akajenga shule Kimara na Kibaha.

London ilijirekebisha: baadaye iliweka watembeaji rasmi wa mkiani, watu wa kutembea nyuma ya kundi la mwisho. Hicho ndicho cha kuiga, kwa kuwa hakihitaji mdhamini mkubwa. Anayeandaa mbio za kuchangia sare na chakula cha wanafunzi msimu huu, iwe Moshi, Mwanza au Nairobi, aanze kuandika ratiba kwa mtu wa mwisho: ataanza saa ngapi, nani yuko nyuma yake, na ni meza ipi ya maji haitaguswa mpaka apite.