Mpini Kwanza, Jembe Baadaye

Mtoto anayeingia katika timu hii ya shule inayocheza ngoma ya bugobogobo hapewi jembe, wala njuga, wala nafasi katika mstari. Anaonyeshwa pa kukaa kando ya ngoma kubwa, anaambiwa aweke kiganja ubavuni mwake, basi. Wenzake wanacheza, yeye amekaa. Mwalimu humwacha hapo mpaka bega lake lianze kutikisika bila kuamriwa. Kuna mtoto ambaye bega huamka jioni ya kwanza, na kuna wa kukaa hapo wiki nzima na zaidi. Wazazi wenye haraka hupita uwanjani wakauliza kulikoni mtoto wao anakalishwa chini kama mgonjwa. Mwalimu huwajibu kwa upole kwamba mtoto yuko kazini.

Namwita mwalimu kwa sababu ndivyo watoto wanavyomwita. Wao husema “Ticha”. Walimu wenyewe wa shule humwita “Fundi”. Hana cheti cha ualimu. Ni mchezaji ngoma wa kulipwa, pale malipo yanapopatikana, katika kikundi kimoja cha pembezoni mwa jiji la Mwanza. Kikundi hualikwa harusini, kwenye mapokezi ya wageni wa serikali, kwenye uzinduzi wa majengo na, msimu wa uchaguzi ukifika, kwenye mikutano ya kampeni. Fedha ikija hutolewa kwanza ya gari lililobeba ngoma, kisha wanagawana watu kumi na kitu kile kilichobaki. Siku hizi hata harusi zimepungua, kwa kuwa MC huja na spika zake, na ngoma hupewa dakika chache za kuwaingiza maharusi ukumbini. Miezi mikavu Ticha huchanganya zege na kubeba tofali kwa mafundi ujenzi, na saa kumi jioni, vumbi la saruji likiwa bado kwenye nyusi, huwa ameshafika uwanja wa shule.

Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Wasukuma waliilea shambani. Vikundi vya vijana vilikwenda kulima kwa pamoja vikiwa na ngoma zao, mstari ukaenda kwa mdundo, na mkulima aliyechoka akabebwa na sauti za wenzake. Kilimo cha pamba kilipoenea Usukumani, kazi ya vikundi hivyo ikaongezeka. Ukiitazama ngoma hii leo, kilimo bado kimo ndani yake: mgongo umeinama kutoka kiunoni, magoti yamelegea, majembe yanapanda juu ya vichwa kwa pamoja na kushuka kwa pamoja. Halafu kinakuja kile ambacho shamba halikukihitaji. Jembe linazungushwa kiganjani, linarushwa hewani, linadakwa kwa mkono wa pili, linasimamishwa juu ya kidevu. Watazamaji hushangilia hapo, na watoto hutaka kuanzia hapo.

Ticha huanzia mbali. Mtoto aliyetoka kwenye kiti cha ngoma hupewa mpini mtupu. Anauzungusha akiwa amesimama, kisha akitembea, kisha akiwa ameangalia mti ulio mwisho wa uwanja, maana macho yakibaki kwenye mpini shingo hukakamaa. Akishaweza hayo, Ticha hufunga chupa ya nusu lita yenye maji kwenye ncha moja ya mpini kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Baada ya siku kadhaa maji humwagwa, mchanga huingia: robo, nusu, mpaka chupa ijae. Mabadiliko haya yanaonekana madogo kwa mtu wa pembeni, lakini mkono wa mtoto unajua. Mpini mtupu huzunguka katikati yake. Jembe halizunguki katikati. Huzunguka karibu na chuma, mahali ambapo jicho halipaoni bali kiganja hupatafuta. Mtoto aliyezoea mpini mtupu akipewa jembe ghafla hulishika katikati, nalo humvuta na kumwangukia mguuni. Aliyepitia chupa ya mchanga huwa ameshahama polepole kuelekea upande wa uzito, hatua kwa hatua, bila kuelezwa neno hata moja.

Jembe lenyewe likija ni lile lililochoka, ambalo mashamba yamekula chuma chake mpaka kikabaki kifupi. Hilo lina sababu mbili: ni jepesi, na hupatikana bure. Ticha hulifuta makali kwa tupa na kupitisha kidole ukingoni mbele ya mtoto. Watoto husimama mbali kwa kiasi ambacho mipini yao ikinyooshwa haigusani, na nafasi hiyo huipima mwenyewe kwa mpini, kila jioni, hata kwa watoto waliocheza naye mwaka mzima.

Kilichonivutia zaidi ni mahali anapotazama. Mtoto akiangusha jembe, sote tulio pembeni tunaangalia mikono yake. Ticha anaangalia miguu. Nilimfuatisha macho kwa muda mrefu nikaanza kuona anachokiona: kisigino kinachochelewa kugusa ardhi, goti lililofungwa, uzito uliobaki mguu wa nyuma. Kosa lilikwisha kutokea chini kabla jembe halijaondoka mkononi. Hupiga magoti kando ya mtoto, akagusa goti kwa vidole viwili, goti likalegea, na mara inayofuata jembe linadakwa. Hakusema lolote kuhusu mikono.

Kuna pia pumzi. Mtoto anaporusha kitu kizito juu ya kichwa chake hubana pumzi, na aliyebana pumzi mwili wake huwa mgumu kama gogo. Unaweza kumwambia apumue. Atapumua mara moja kisha atasahau. Ticha haamrishi pumzi. Ameweka sharti kwamba hakuna jembe linalorushwa mtoto akiwa kimya. Lazima awe anaitikia wimbo. Anayeitikia hawezi kubana pumzi, na kiongozi wa wimbo, ambaye ni mtoto pia, amefundishwa kurefusha sauti yake kwa namna ambayo kiitikio huangukia palepale jembe linapoondoka mkononi. Wageni husikia watoto wanaoimba kwa raha. Raha ipo, tena nyingi, na chini yake kuna hesabu ya mwalimu aliyeijaribu mwilini mwake kwa miaka.

Siku moja mwalimu wa michezo, kijana mwenye nia njema, alikuja kusaidia akaanza kuwahesabia watoto: moja, mbili, tatu, nne. Mstari ulinyooka mara moja. Ticha alimwacha amalize, kisha akamwendea.

“Mwalimu, wabeja sana kwa msaada,” alisema. “Naomba tu tusiwahesabie. Wakihesabu wanasikiliza namba, ngoma wanaiacha.”

“Lakini si umeona, Fundi, wamekwenda pamoja?”

“Wamekwenda pamoja, ndiyo. Sasa mpigaji akichangamka waende naye, nani atawahesabia?”

Nadhani hapo ndipo penye tofauti kati ya kufundisha hatua na kufundisha ngoma. Hatua zinaweza kuhesabiwa, lakini mpigaji hapigi kwa saa. Huona mstari umelegea akaubana, huona mtoto mmoja amepata ari akampisha. Ndiyo maana watoto wa timu hii huipiga ngoma kwa mdomo kabla ya kuigusa kwa mkono: sauti nzito ya ngoma kubwa kwa kikundi kimoja, sauti za haraka za ngoma ndogo kwa kingine, huku miguu ikienda. Kisha wanabadilishana. Kila mchezaji anajua kinachopigwa, na kila mpigaji ameshawahi kuinama na jembe.

Ticha aliyapata haya Bujora, Kisesa, ambako Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianzisha makumbusho ya Wasukuma, na ambako sikukuu ya Bulabo huchezwa kila mwaka kuzunguka Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Huko hukutana Bagika na Bagalu, pande mbili za ushindani ambao asili yake ni waganga na wachezaji wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Namna yao ya kushindana ni ngumu kuliko zote nizijuazo. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watu huenda kule wanakovutiwa. Umati ukikuhama, umeshindwa, na unauona ukihama huku bado unacheza. Aliyekulia hapo hujifunza kwamba mtazamaji ana miguu.

Nilidhani funzo la Bulabo lingekuwa kurusha juu zaidi. Ticha alilichukua kwa upande mwingine. Anawafundisha watoto kusimama. Katikati ya vurugu zote za njuga na filimbi, majembe yanapanda, ngoma inakatika, na mstari mzima unabaki majembe juu, hakuna anayetikisika. Wanarudia kusimama huko zaidi kuliko wanavyorudia mzunguko wowote, kwa sababu mtoto aliyesimama vibaya huyumba, na akiyumba mmoja wote wameharibika. Mtazamaji aliyekuwa ameanza kuondoka hugeuka kutazama kuna nini.

Mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, yana adabu tofauti. Kule kuna majaji mezani na muda uliopangwa, na timu hupanda kutoka kata hadi wilaya, mkoa na taifa. Ngoma iliyotengenezwa kwa ajili ya siku nzima ya shamba inapaswa kuingia katika dakika chache. Hapo nilitegemea Ticha abakize mirusho na kupunguza kilimo, kwa kuwa mirusho ndiyo inayopigiwa makofi. Alikata mirusho. Alibakiza mmoja, karibu na mwisho, na muda wote uliobaki akaupa kilimo: kuinama, kupanda, kushuka, mstari kusogea mbele kama unaacha matuta nyuma yake. Aliniambia kwamba jembe likirushwa na mtu ambaye hukumwona analima, unaona mchezo wa sarakasi tu. Namwamini. Mrusho ule mmoja ulinisimamisha nywele.

Linaniuma kwamba kazi ya kiwango hiki haina mstari wake katika bajeti ya shule. Nauli ya timu huhesabiwa, chakula huhesabiwa, fulana huhesabiwa. Fundi wa ngoma hupewa soda na ahsante, na mwezi ukiwa mzuri, nauli. Tunamlipa mtu anayepaka rangi ukuta wa darasa, kama inavyostahili. Huyu anaweka ndani ya mwili wa mtoto kitu kitakachokaa miaka sitini, na tunamwona kama anayejitolea kwa sababu anacheka anapofanya kazi. Jioni akikosa kuja, amepata kibarua cha zege, na sioni mwenye haki ya kumlaumu.

Kila mwaka timu hupoteza walio bora. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, na baada yake watoto hutawanyika. Ticha haungoji mwezi huo umkute mikono mitupu. Katikati ya mwaka kila mchezaji wa darasa la saba hukabidhiwa mtoto mmoja au wawili wa darasa la tatu, na kazi yake si kucheza tena bali kumtengeneza aliyepewa. Mwaka huu msichana anayeongoza mstari alipewa wawili. Akawakalisha kando ya ngoma, akawapa mipini, akafika kwenye chupa, na hapo akafanya jambo ambalo hakufundishwa: alifunga chupa mbili, moja kila ncha, ili mpini uwe mzito lakini ubaki umelingana. Walipozoea uzito ndipo akaondoa moja.

Ticha alimwona akaja kumuuliza kwa nini.

“Ticha, mimi chupa ilinisumbua vitu viwili kwa pamoja, uzito na kupinda,” alisema msichana. “Nimewapa kimoja kimoja.”

Ticha alichukua mpini ule wenye chupa mbili, akauzungusha mwenyewe kwa muda, akamrudishia. Wiki iliyofuata wanagenzi wote walikuwa na chupa mbili.