Watunza Kanzi

Katika fani zote zilizozaliwa na kompyuta, ambazo aghalabu hupenda jambo jipya kuliko jambo timamu, sijapata kuona iliyojaliwa subira, hadhari na adabu ya hoja kuliko fani ya wale wanaoitunza PostgreSQL, kanzidata huria isiyomilikiwa na kampuni wala dola yoyote, ambayo msimbo wake u wazi mbele ya kila mwenye nia ya kuusoma. Watu wengi huitumia pasi na kulijua jina lake. Takwimu za kliniki ya mama na mtoto zinapotoka katika zahanati za Tanzania na Kenya kuingia katika mfumo wa DHIS2, makao yake ya mwisho ni majedwali ya PostgreSQL. Na vijana waliopita vichochoro vya Dar es Salaam, katika mradi wa Ramani Huria, wakichora mitaro na nyumba zilizo katika njia ya mafuriko, kazi yao ilihifadhiwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia nzima ambayo kanzi yake ni hiyo hiyo. Mtu akitaka kuusifu ufundi huu, desturi humvuta kuwasifu walioubuni. Mimi nataka kuwasifu waliobaki nao.

Wabunifu walikwisha pewa haki yao. Michael Stonebraker, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, ambaye katika miaka ya sabini alikwisha ijenga kanzidata ya Ingres, alianzisha mradi wa POSTGRES mwaka 1986, na kwa jumla ya kazi zake alitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2014, ambayo katika elimu ya kompyuta hakuna iliyo juu yake. Lakini chuo kiliufunga mradi huo, na wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, wakautia lugha ya SQL na kuuachia ulimwengu katikati ya miaka ya tisini. Yaliyofuata ndiyo yanistaajabishayo. Mwaka 1996 kikundi kidogo cha watu waliotawanyika Marekani, Kanada na Urusi, ambao aghalabu walijuana kwa maandishi tu, waliipokea kazi ile iliyokosa mlezi, wakaipa jina la PostgreSQL, na badala ya kukimbilia kuipamba wakaanza kwa kukusanya viraka vilivyozagaa, kuvijaribu kimoja kimoja, na kuziba mianya iliyokuwa ikiiangusha.

Ili kuujua uzito wa amana waliyoipokea hapana budi kutazama ndani. Karani mwaminifu wa kadhi hafuti neno katika daftari la mirathi: jambo likibadilika huandika mstari mpya, na ule wa zamani huuacha mahali pake ukiwa na alama ya siku ulipokoma kufanya kazi. PostgreSQL huandika vivyo hivyo. Kila safu hubeba namba mbili, ya muamala ulioileta na ya muamala ulioiondoa, na kuibadili safu si kuifuta bali ni kuandika safu nyingine. Kwa njia hiyo anayesoma huiona kanzi kama ilivyokuwa alipoanza kusoma, hata kama watu mia wanaandika wakati huo huo. Msomaji hamngoji mwandishi, wala mwandishi hamngoji msomaji. Sura ya leo ya utaratibu huu ilitiwa katika toleo la 6.5 la mwaka 1999 na Vadim Mikheev, mtu wa Krasnoyarsk huko Siberia, na mpaka sasa sijui hila nyingine ya kompyuta iliyoleta amani kubwa kwa kanuni fupi hivyo.

Gharama yake ni kwamba kurasa, ambazo kila moja ina baiti 8,192, hujaa safu zilizokufa. Stonebraker alitaka safu hizo zihamishiwe katika diski za mwanga, ili mtu aweze kuuliza hali ya kanzi ya siku yoyote iliyopita. Lilikuwa wazo la fahari, na waliomrithi waliliondoa, maana uzito wake ulizidi faida yake. Kilichobaki ni mfagizi, aitwaye VACUUM, apitaye ukurasa kwa ukurasa akiuliza swali moja tu: je, yupo bado mtu aliye katikati ya kazi yake anayeweza kuihitaji safu hii? Swali hilo fupi limewashughulisha watu wenye akili nyingi kwa muda uzidio miaka ishirini. Hapo kale mfagizi aliitwa kwa mkono na msimamizi, naye msimamizi akisahau, majedwali yalivimba. Mwaka 2005 akawekwa ndani ya kanzi yenyewe apate kujiamsha, na mwaka 2008 kujiamsha huko kukawa ndiyo hali ya kawaida.

Tena lipo jambo la namba. Namba ya muamala ina biti 32, yaani hapana namba zaidi ya bilioni nne na kitu, nazo hutumika kwa kuzunguka: kwa kila muamala, bilioni mbili hivi zilizo nyuma yake huhesabiwa kuwa zimepita, na bilioni mbili zilizo mbele kuwa hazijafika. Mfagizi asipopita kwa wakati na kuzitia safu kongwe alama ya ukale usiobadilika, itafika siku ambapo jambo lililoandikwa zamani litageuka kuwa la siku zijazo, litoweke machoni pa wote ilhali limo ndani ya diski. Watunzaji walikata shauri kwamba kabla hilo halijatokea kanzi itoe maonyo mengi, kisha, maonyo yakipuuzwa, ikatae kabisa kupokea muamala mpya wa kuandika. Wako waliokutwa na katazo hilo usiku wa manane, biashara ikiwa imepamba moto, na hasira yao naielewa. Lakini sioni uamuzi mwingine ambao mtu mwenye dhamiri angeweza kuufanya.

Upande wa pili wa amana hii ni ahadi. Kanzi ikimjibu mtu kwamba muamala wake umethibitika, basi hata umeme ukikatika nukta ile ile, alichokiandika hakina budi kukutwa umeme ukirudi. Tangu toleo la 7.1 la mwaka 2001 ahadi hiyo hubebwa na shajara: kila badiliko huandikwa kwanza humo, na shajara husukumwa mpaka ndani ya diski kabla ya jibu kutolewa, ilhali kurasa za majedwali yenyewe hufuata baadaye kwa wasaa wao. Kazi ya kusukuma hufanywa na mfumo wa uendeshaji, kwa wito uitwao fsync. Kwa karibu miaka ishirini watunzaji waliamini kwamba wito huo ukirudi na kosa, waweza kurudiwa, na kwamba ukirudiwa ukafaulu basi maandishi yamefika. Mwaka 2018 mchangiaji wao Craig Ringer alibainisha kwamba katika Linux mambo siyo hivyo: kosa hutajwa mara moja tu, kisha kurasa zilizoshindwa kuandikwa huhesabiwa kuwa safi, na wito wa pili hurudi na habari njema isiyo ya kweli.

Mjadala uliofuata wastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa ufundi wowote. Hapakuwa na wa kutupiwa lawama kwa wepesi. Wengine walishikilia kwamba kiini cha Linux kimeivunja ahadi. Wengine wakauliza kiini kingefanya nini na kurasa ambazo diski yake imekwisha ng'olewa, hali kumbukumbu ya mashine ina mpaka wake. Na badala ya kununiana, waliwaendea wajenzi wa kiini chenyewe wakazungumza nao. Msimbo ulisomwa upya, wa Linux na wa mifumo mingineyo, ili ijulikane kila mmoja hufanya nini diski inaposhindwa. Suluhisho lilitoka Februari 2019, kwa matoleo yote yaliyokuwa yakitunzwa bado, nalo lilikuwa kali: wito ukirudi na kosa, kanzi isijaribu tena, bali ianguke makusudi papo hapo, kisha iinuke na kujijenga upya kutoka katika shajara yake. Fundi mwenye majivuno hawezi kuandika programu inayojiangusha mwenyewe. Huyu wa PostgreSQL aliweza, kwa kuwa alijali zaidi ukweli wa kilichoandikwa kuliko sura ya kitu kisichoanguka.

Si kila hatari hutoka katika diski. Faharasa ya maneno husimama juu ya mpangilio wa herufi, na mpangilio huo kanzi kwa kawaida huuazima kwa mfumo wa uendeshaji. Mwaka huo huo wa 2018 glibc, maktaba itumiwayo na mifumo mingi ya Linux, katika toleo lake la 2.28, ilibadili mpangilio kwa lugha nyingi, hata "1-1" na "11" zikabadilishana nafasi. Basi mwenye seva akihamia mfumo mpya pamoja na data zake za zamani, faharasa hulitafuta jina mahali linapostahili kuwapo, isilione, ikajibu kwamba halimo, kumbe limo mistari michache pembeni; na baya zaidi, jina lile laweza kuandikwa mara ya pili katika jedwali ambalo sheria yake ilikataza jina moja kukaa mara mbili. Hapana aliyeugusa msimbo wa PostgreSQL, na kisheria watunzaji wangeweza kunawa mikono. Walianza kuandika kando ya kila mpangilio umetoka katika toleo gani la maktaba, wapate kumwonya mwenye kanzi, na katika toleo la 17 la mwaka 2024 wakatoa mpangilio wao wenyewe usiotegemea mfumo wa nje.

Desturi zao za kazi ni za watu wanaojua kwamba watakosea. Mabadiliko huletwa yakiwa viraka, na viraka hukaguliwa hadharani katika misimu ya mwezi mmoja mmoja, ambayo kwa miaka mingi imekuwa Julai, Septemba, Novemba, Januari na Machi, na aletaye kiraka hutarajiwa kukagua cha mwenziwe. Wenye idhini ya kukitia kiraka katika msimbo ni watu wapatao thelathini, wala idhini hiyo haimwokoi mtu na maswali. Waletao viraka hutoka kila mahali: kinga kali kuliko zote ya miamala inayokwenda sambamba, iliyotoka katika toleo la 9.1 la mwaka 2011, iliandikwa na Kevin Grittner, aliyekuwa akizihudumia mahakama za jimbo la Wisconsin, pamoja na Dan Ports, mwanafunzi wa MIT. Kiraka kikipokelewa, hujaribiwa na mashine za watu wa kujitolea zilizotapakaa duniani, kila moja imepewa jina la mnyama, hata ikawa ni kawaida kwa watu wazima wenye heshima zao kuulizana, kwa uzito wote, kwa nini mnyama fulani ameugua tangu jana. Na kasoro ikithibitika, dawa yake hupelekwa nyuma katika kila toleo lililo bado ndani ya miaka mitano ya kutunzwa.

Lakini mimi, niliye mpenzi wa nathari, huvutwa zaidi na maelezo waliyoyaandika kando ya msimbo. Katika folda ya faharasa za mti-B limo faili la maelezo linaloanza na rai ya watafiti Lehman na Yao ya mwaka 1981, likaonyesha wapi imefuatwa, wapi imeachwa, na kwa sababu gani, kwa sentensi zisizo na neno la kujionyesha. Mwandishi anamwandikia mtu asiyemjua, atakayekuja baada ya miaka kumi akiwa na haraka na kasoro mkononi. Waandishi wetu wangapi humfikiria msomaji wao kwa huruma hiyo?

Kazi ya namna hii hufundisha macho. Mnamo Machi 2024 Andres Freund, mmoja wa watunzaji hao, alipokuwa akipima kasi ya PostgreSQL, aliona kwamba kuingia katika mashine yake kwa njia ya SSH kumechelewa takriban nusu sekunde. Mtu mwingine angekunywa chai yake. Yeye aliifuata nusu sekunde hiyo mpaka akaufikia mlango wa siri uliopandikizwa kwa hila ya muda mrefu ndani ya xz, maktaba ya kubana data, mlango ambao ungalisambaa katika seva nyingi za dunia kama usingalionekana.

Taksiri wanazo. Wamekuwa wagumu kwa miaka mingi kumruhusu mtumiaji aielekeze kanzi njia ya kujibia maulizo, kwa hoja kwamba maelekezo ya leo ni makosa ya kesho. Hoja nzuri, isiyomfariji aliyesimamiwa na wateja wenye njaa. Habari ya kuzipanua namba za muamala kufika biti 64 imejadiliwa muda mrefu kuliko ninavyopenda. Na Juni 2023 Heikki Linnakangas, mmoja wao, alileta pendekezo linalogusa msingi wenyewe: tangu zama za Berkeley kila anayejiunga na kanzi hupewa mchakato wake peke yake, naye akataka michakato hiyo iwe nyuzi ndani ya mchakato mmoja. Waliomuunga mkono walitaja wepesi utakaopatikana. Waliotahadharisha walitaja vigeu vilivyotapakaa katika msimbo wote, vilivyoandikwa kwa miongo mitatu kwa imani kwamba kila mchakato una vyake, na viongezo vya watu wengine vilivyojengwa juu ya imani hiyo hiyo. Sina elimu ya kutoa hukumu katika shauri hilo. Ningeulizwa, ningewaambia wabadili kigeu kimoja baada ya kimoja, toleo baada ya toleo, wala wasitaje mwaka wa kumaliza. Na kwa kadiri nilivyozielewa rai zao, hata wale wenye hamu kubwa ya mageuzi hawakukusudia vingine.