Tenzi za Vita na Siku ya Pili Yake

Tenzi za vita katika lugha yetu zina desturi inayostahili kuhojiwa: ushindi ndio kituo chake. Adui akishaanguka, mtunzi humshukuru Mola, hutaja jina lake na tarehe, kisha huweka kalamu. Siku ya pili yake, siku ambayo walioshinda na walioshindwa hulazimika kuteka maji katika kisima kimoja, haina ubeti. Naona upungufu huo si wa sanaa peke yake. Ni upungufu wa insafu, na umetugharimu.

Tuanze na mama wa tenzi hizo. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo wa Athumani, unasimulia vita baina ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi, aliyeitwa kwa barua aingie katika dini akakataa. Adui humo hutambulishwa kwa imani yake. Simtii dosari Bwana Mwengo. Alitunga kwa mizani ya zama zake, na kwa ufundi ambao wengi wetu hatutaufikia. Wala simulizi hiyo haiwezi kufanywa hoja ya kulazimishana, kwani Kurani yenyewe, Sura ya Pili aya ya 256, imekwisha kuikataa shuruti katika dini. Ninachokitazama ni urithi: ule mpango wa kuwagawa watu mafungu mawili, moja lenye haki yote na jingine lisilo na haki yoyote. Mafungu hayo hubadilishwa majina tu. Jana yalikuwa muumini na kafiri. Leo huitwa demokrasia na udikteta.

Mpango huohuo pwani yetu iliwahi kuuonja kwa upande wa kupigwa. Mwaka 1888 Kadinali Lavigerie alizunguka Ulaya akihubiri vita vya msalaba dhidi ya biashara ya watumwa. Mwezi Januari 1889 Bunge la Ujerumani liliidhinisha mark milioni 2 kwa jeshi la Wissmann, kwa hoja ya kukomesha biashara hiyo na kulinda maslahi ya Wajerumani. Hoja ya kwanza ilikuwa njema. Abushiri akanyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka uleule. Hata hivyo Wajerumani walitawala mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia bila kuufuta utumwa kwa sheria. Ulifutwa Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita hivyo hujulikana kuwa ni wa Wadachi “kutamalaki” Mrima. Neno hilo moja linatosha. Aliyepigwa hakuona ukombozi. Aliona milki ikibadili mwenyewe.

Huku Mofu, katika Bonde la Kilombero ninakoandikia, jirani yetu wa ng’ambo ya mto ni Mahenge. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji wa Majimaji waliivamia boma ya Wajerumani huko, wakafyekwa kwa bombom. Baada yao ikaja njaa, kwa kuwa majeshi yaliteketeza vyakula na mashamba. Na yote hayo yaliitwa kuleta ustaarabu.

Lakini mwaka 1979 mizinga ilikuwa mikononi mwetu sisi wenyewe. Idi Amin alikuwa ameivamia Kagera mwaka 1978 na kutangaza kuwa ameitwaa. Alikuwa amekwisha kuua Waganda wengi, wa dini zote, akiwamo Askofu Mkuu Janani Luwum mwezi Februari 1977. Jeshi letu lilimfukuza, likavuka mpaka, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia mwezi Julai, Nimeiry na Obasanjo walimlaumu Nyerere. Kumfukuza mvamizi kulikuwa haki. Kumwangusha muuaji yule, naamini, kulikuwa haki pia. Ila kumwondoa dhalimu ni kazi moja, na kuwapandia watu serikali ni kazi nyingine. Ya pili haifanywi na mtutu.

Ushahidi ni siku ya pili yenyewe. Yusuf Lule aliapishwa Aprili, akaondolewa Juni. Godfrey Binaisa aliondolewa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulifanyika majeshi yetu yakiwa bado Uganda, matokeo yakabishaniwa, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Tena kuna jambo zito zaidi. Kwa kuwa Amin alikuwa Mwislamu, na Libya ilimletea askari, wako waliodhani kuwa Uislamu ndio ulioshindwa. Katikati ya mwaka 1979, huko Ankole, Waislamu waliokuwa raia tu waliuawa na majirani zao. Damu yao ilimwagika baada ya ushindi, kwa mgawanyo uleule wa mafungu mawili.

Mwaka 1981, vita vipya vikiwa vimekwisha kuanza Uganda, ulichapwa Dar es Salaam utenzi wa Henry Muhanika juu ya vita vya Kagera na “anguko” la Idi Amin Dada. Simlaumu mtunzi kwa kutotabiri. Nasema jina la utenzi lenyewe linafuata desturi: limekoma kwenye anguko.

Aliyeivunja desturi hiyo hakutunga utenzi, aliandika tamthilia. Katika Kinjeketile ya mwaka 1969, Ebrahim Hussein anamfanya mganga wa Ngarambe atetemeke kwa kugundua kuwa maneno aliyoyatamka akiwa amepagawa yanaahidi watu watoke chini ya Mjerumani wawe watoto wa Seyyid Said. Vita havijapiganwa, naye tayari anauliza nani atatawala baadaye, na kwa ridhaa ya nani. Swali hilo ndilo linalokosekana katika tenzi zetu. Ndilo pia lililokosekana Marekani ilipoingia Iraki mwaka 2003 ikinadi demokrasia, na Sunni na Shia wakaishia kuuana mitaani Baghdad.

Watunzi wenzangu, wa bara na wa visiwani, utenzi ni bahari pana, haukosi nafasi. Tukitunga vita vya haki, tuseme kuwa ni vya haki. Kisha tusiweke kalamu. Tumfuate jemadari mpaka ikulu, tumfuate askari mpaka kijijini, tumtaje jirani aliyechomewa nyumba kwa sababu alisali kama alivyosali dhalimu. Ubeti huo utapunguza shangwe. Utaongeza ukweli, na msomaji ambaye kesho ataitwa kwenda kumkomboa mwenzake kwa bunduki anauhitaji kuliko shangwe.