Sola, betri na umeme wa usiku: hesabu ya Uingereza kwenye LUKU ya Dar

Kuna ushauri umeshika kasi sana siku hizi. Huenda umeshaupata kwa fundi, kwa muuzaji wa vifaa, au kwa ndugu aliyeko Ulaya. Unasema hivi: funga sola juu ya bati, weka betri ukutani, ichaji usiku umeme ukiwa bei rahisi, halafu mchana tumia ulichohifadhi. Bili itashuka mpaka karibu na sifuri.

Hoja hii ina miguu mitatu: sola, betri na bei ya usiku. Kila mguu una ukweli wake mahali fulani duniani, ndiyo maana watu wanaimeza nzima nzima. Sisi tutaipima kwa LUKU ya Dar es Salaam. Kwa nini tujisumbue? Kwa sababu seti ya namna hii inafika mamilioni ya shilingi, na wengi wanainunua kwa mkopo au kwa hela ya kikoba. Hesabu ikikosewa hapa, anayeumia ni mama aliyeweka dhamana.

Hoja ilikozaliwa

Uingereza walianza bei ya usiku iitwayo Economy 7 mwaka 1978. Mteja alipewa saa saba za usiku za umeme wa bei nafuu. Haikuwa huruma. Mitambo ya makaa ya mawe na ya nyuklia haizimwi na kuwashwa kirahisi, kwa hiyo usiku watu wamelala, mitambo inaendelea kunguruma, na umeme unatafuta wa kuutumia. Leo, kwa mita janja, wapo wateja wa huko wanaolipa usiku theluthi moja ya bei ya mchana au hata chini ya hapo. Tena tangu 2020 kampuni kubwa za umeme zinatakiwa kumlipa mteja kwa ziada ya sola anayoirudisha kwenye gridi.

Kwa hiyo ndugu yako wa Manchester hakudanganyi. Kwake hoja inasimama kwa miguu yote mitatu. Kazi ni kuileta Tandika au Mbezi.

Mguu wa kwanza kuvunjika: bei ya usiku

LUKU ya nyumbani haijui saa. Uniti ya saa nane usiku na ya saa moja jioni zina bei moja. Kwa bei zilizowekwa 2016, mteja wa kawaida, yaani T1, analipa shilingi 292 kwa uniti. Ongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, unapata kama shilingi 356. Ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28 na kidogo, kabla ya makato mengine kama kodi ya jengo.

Majirani zetu Kenya walianzisha punguzo la usiku mwishoni mwa 2017, lakini lililenga viwanda na wateja wakubwa wa biashara.

Na hata kisayansi, sababu ya Uingereza ya 1978 haiji kwetu moja kwa moja. Sehemu kubwa ya umeme wetu inatokana na maji, na Bwawa la Julius Nyerere peke yake limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Maji usiyoyapitisha kwenye mtambo usiku, ilimradi bwawa halijafurika, yanakusubiri kesho. Bwawa lenyewe ni betri. Shirika lenye betri ya ukubwa huo halina haraka ya kukuuzia umeme wa usiku kwa bei ya kutupa.

Sola inagharimu kiasi gani kwa uniti?

Wauzaji hawapendi swali hili, ila ni rahisi. Tuseme seti ya kilowati 1, pamoja na inveta na ufundi, umeipata kwa shilingi milioni 1.5. Hapo wewe weka bei uliyoambiwa. Kwa jua la Dar tukadirie uniti 4 kwa siku. Usishangae kwamba ni ndogo kuliko ulivyoahidiwa: paneli hupimwa kiwandani ikiwa na nyuzi 25 za sentigredi, wakati juu ya bati letu saa saba mchana inaweza kufika 60. Kila nyuzi inayozidi inapunguza umeme kwa takriban asilimia 0.35, kwa hiyo joto pekee linaweza kula asilimia 12. Vumbi na kivuli cha mwembe bado.

Uniti 4 kwa siku, miaka 10, ni uniti 14,600. Gawanya: kila uniti imekugharimu kama shilingi 103. Ukilinganisha na 356 ya T1, sola imeshinda vizuri sana. Hapa tunawapa heshima yao.

Lakini soma masharti. Hesabu hiyo inadai utumie uniti zote nne, jua likiwa linawaka. Kama nyumba nzima mko kazini na shuleni mpaka jioni na nusu ya umeme inapotea, uniti uliyoitumia imekugharimu 206. Usitegemee pia kwamba mita itarudi nyuma. Mita nyingi za kulipia kabla hazikuundwa kumhesabia mteja umeme anaourudisha, na zipo zinazouhesabu kama ameutumia.

Jambo lingine ambalo halisemwi: sola iliyounganishwa na gridi bila betri inazima yenyewe umeme wa gridi ukikatika. Ni usalama, ili fundi aliye juu ya nguzo asipigwe na umeme unaotoka kwako. Kwa hiyo "mtaa mzima giza, wewe unawaka" haipo bila betri.

Betri inauza nini hasa?

Chukua betri ya lithiamu ya uniti 5. Tuseme imekugharimu milioni 3. Kila ukiichaji unatumia uniti 4.5, na inavumilia mizunguko 4,000. Hizo ni uniti 18,000 maisha yake yote. Kupitisha uniti moja ndani ya betri, kabla hata ya bei ya umeme wenyewe, ni shilingi 167.

Sasa unganisha. Uniti ya sola ya shilingi 103, ukihesabu asilimia 10 inayopotea njiani, inakuwa 114. Ongeza 167, unapata 281. Dhidi ya 356 bado unaokoa shilingi 75, basi, mradi hukukopa kwa riba na betri inafanya kazi kila siku kwa miaka 11.

Halafu tazama ushauri wa kuchaji usiku kutoka kwenye LUKU. Umeme wa 356 ukipitia betri unakuwa 396 kwa sababu ya upotevu, ongeza 167, jumla 563. Yaani umenunua kitu cha 356 kwa 563! Hata tukijifanya bei ya usiku ipo na ni theluthi, tuseme 120, unapata 300. Faida ya shilingi 56 kwa uniti, kwa mtaji wa milioni 3.

Hatusemi betri haina maana. Mwenye duka la dawa lenye friji, mwenye samaki, mwenye mgonjwa anayetegemea mashine, hao wananunua uhakika, na uhakika una thamani yake. Tunachokataa ni kumuuzia mtu uhakika kwa jina la kupunguza bili.

Akiba waliyoiruka: uniti 75

Kosa kubwa la hoja hii ni kutosoma bei za hapa. Ipo tarifu ya D1, ile inayoonekana kwenye LUKU kama tarifu 4, kwa matumizi madogo ya nyumbani. Uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100, na tozo zake 122. Ukizidi, kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya tozo, na ukiendelea kuzidi unahamishiwa T1, ambako uniti zote ni 356.

Hii si ngazi, ni korongo. Nyumba inayotumia uniti 105 kwa T1 inalipa kama 37,400 kwa mwezi. Ikiwa D1 na uniti 75, inalipa 9,150. Tofauti ni zaidi ya 28,000, kwa uniti 30 tu, yaani uniti moja kwa siku.

Uniti moja kwa siku inapatikanaje? Shawa ya umeme ya kilowati 3.5, watu wawili, dakika kumi kila mmoja: umeshazidi uniti moja. Tenki jeusi juani lingewapa maji ya uvuguvugu bila paneli yoyote. Friji kuukuu lenye mpira uliochoka nalo ni mtuhumiwa. Ukiyamaliza hayo na bado umezidi, kipaneli kidogo kisicho na betri, cha kusukuma friji na feni mchana, kinaweza kukuvusha. Ila kurudishwa D1 ni uamuzi wa shirika, kwa hiyo uliza ofisini kwao kabla hujatoboa bati.

Kisha wapo wapangaji. Familia tatu zenye uniti 40 kila moja, LUKU moja: jumla 120, wote wako T1. Kila familia inalipa kama 14,250. Ikiwa na mita yake ya D1 ingelipa 4,880. Matumizi ni yaleyale, ila bei imezidi karibu mara tatu kwa sababu mlango wa mita ni mmoja. Kwa ada ya mjini ya 320,960 ya kuunganishiwa umeme, mita ya peke yako, mwenye nyumba akikubali na ukipangiwa D1, inarudisha hela yake kwa kama miezi 35. Mita ndogo ya kugawana ndani haisaidii hapa, maana TANESCO inaona mita moja. Hakuna muuzaji wa sola atakayekwambia hili, kwa sababu hauzi mita.

Kabla hujatoa hela

Angalia risiti yako ya LUKU uko tarifu gani. Jumlisha uniti za miezi mitatu. Andika unatumia ngapi mchana na ngapi usiku. Kisha muulize muuzaji maswali mawili: uniti moja kutoka kwenye seti hii itanigharimu shilingi ngapi, na betri hii ina dhamana ya mizunguko mingapi? Uko D1 na akakujibu kwa video ya nyumba ya Uingereza, mshukuru, ukafunge shawa.