Ustadi wa Kusoma Nyufa

Katika mji wa Nakuru walikuwapo, na wachache wangalipo, mafundi wa mawe ambao mtu mwenye akili hakuthubutu kutoa arubuni ya nyumba kabla hajawapeleka wakaitazame. Hawakuwa na ofisi wala kibao mlangoni; mali yao ilikuwa timazi, pima maji, nyundo ndogo, tochi, na umri mzima wa kujenga na kubomoa. Ujira wao ulikuwa haba, aghalabu nauli, chakula cha mchana na noti chache zilizokunjwa kiganjani, lakini neno lao liliweza kuivunja biashara au kuikamilisha. Nataka kuusifu ustadi wao, kwa sababu unatoweka pasipo matanga, na kwa sababu sijui mahali pengine hapa Kenya unapohitajiwa zaidi kuliko Bonde la Ufa, ambako ardhi yenyewe haijaamua kutulia.

Sisi wa Nakuru tumejenga juu ya majivu. Mlima Menengai, ambao kinywa chake kipana kiko kaskazini mwa mji, ulitapika katika zama za kale majivu na mawe mepesi ya povu, na vitu hivyo vimejilaza tabaka juu ya tabaka chini ya mitaa yetu. Udongo huo ukiwa mkavu hubeba nyumba bila ya lalamiko; ukiingiwa na maji yendayo kwa nguvu husombwa chembe kwa chembe, pakabaki uwazi ambao hauonekani mpaka siku uso wa nchi utakapodidimia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Machi 2018 karibu na Mai Mahiu, mvua kubwa ilipofumbua ufa mrefu ulioikata barabara ya Narok, na magazeti ya ulimwengu yakapiga mbiu kwamba Afrika inapasuka vipande viwili. Wanajiolojia wengi walisema jambo la unyenyekevu zaidi, kwamba maji yalikuwa yamesomba majivu yaliyoujaza ufa wa zamani. Na kabla ya hapo sana, tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la Subukia, ambalo wataalamu hulipa nguvu ya karibu 7, liliipasua ardhi chini ya magenge ya Laikipia. Mwenye kujenga katika nchi ya namna hii hana udhuru wa kughafilika.

Waliotutangulia hawakughafilika. Katika Hyrax Hill, nje kidogo ya mji, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937, yangaliko mashimo ya Wasirikwa, mazizi yaliyochimbwa katika mteremko na kuzungushiwa mawe, na mlango wake ukaelekezwa chini ili maji na samadi vitoke vyenyewe. Hawakuwa na ramani, lakini kabla ya kuweka jiwe la kwanza walijua maji yatapita wapi.

Mmoja wa mafundi hao nilifuatana naye hadi Kiamunyi, kwenye nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa ikiuzwa. Wanunuzi walikuwa mume na mke, walimu wote wawili, waliokuwa wamekopa kwenye chama chao cha akiba. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya, na dalali aliwasha taa zote mchana kweupe. Mzee alisalimu, akavua kofia, kisha akatoka nje tena. Aliizunguka nyumba pasipo kusema neno, akitazama si ukuta bali ardhi: mteremko unaelekea wapi, maji ya paa yanaangukia wapi, shimo la choo liko upande gani, mkalitusi wa jirani umesimama karibu kiasi gani. Ndipo akaingia.

Ndani hakuzijali taili wala kabati za jikoni. Kila mlango aliufungua na kuuacha nusu, aone kama utajiendea wenyewe. Akafungua mabomba yote kwa pamoja. Akaigonga lipu kwa vifundo vya vidole kutoka chini kwenda juu, na palipoitika kwa sauti tupu akaweka alama ya chaki. Kisha akapanda darini, akaniita nimfuate, akarudisha kifuniko na kuzima tochi. Tulikaa kimya gizani mpaka macho yakazoea, na vitone vya mwanga vikaanza kujitokeza kimoja kimoja katika mabati, kila kimoja mahali ambapo msumari umelegea au mpira wake umekwisha kwa jua. Akavihesabu vyote. Alipowasha tochi tena alizichoma mbao za kenchi kwa ncha ya kisu, moja baada ya moja, ili ajue kama mchwa wamekwisha kuula moyo wa mbao na kuiacha ngozi.

Ufa aliuona katika chumba cha nyuma, chini ya ile rangi mpya: mstari uliopanda kwa ngazi kutoka pembe ya dirisha hadi karibu na dari, mpana juu kuliko chini. Dalali alisema ni lipu tu. Mume, kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa, alisema huo ni ufa wa bonde lenyewe, na kwamba hakuna nyumba ya upande huu itakayosalimika. Mzee hakumwafiki hata mmoja wao. Nyufa, alitueleza akiwa amepiga magoti, hazina asili moja. Ile mistari myembamba isiyo na mwelekeo, iliyotapakaa usoni mwa lipu, ni saruji iliyokauka kwa haraka, wala haimdhuru mtu. Ufa unaosimama wima pale chumba kipya kilipoungwa na nyumba ya zamani ni misingi miwili iliyolala kwa kina mbalimbali, kila mmoja ukishuka kwa kadiri yake. Bali ufa upandao kwa ngazi, ukizifuata fito za saruji baina ya jiwe na jiwe na kutanuka kadiri unavyokwenda juu, husema kwamba pembe moja ya nyumba inashuka. Na pembe haishuki pasipo sababu.

Sote tumelelewa na methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nami sina nia ya kuikosoa hekima ya wazee. Lakini nilijifunza siku ile kwamba ufa ulio hai hauzibwi kabla haujaulizwa. Mwenye nyumba yule alikuwa ameuziba, tena zaidi ya mara moja, kwani chini ya rangi mzee alizikwangua tabaka mbili za lipu zisizofanana, na kila kuziba kulikuwa kumemficha adui aliyekuwa akiendelea na kazi yake huko chini.

Alichofanya baadaye ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Aliichimba lipu pande zote mbili za ufa mpaka jiwe lenyewe likawa wazi, maana lipu, alisema, inaweza kusema uongo lakini jiwe haliwezi. Kutoka mfukoni alitoa kipande chembamba cha kioo, kilichofungwa katika gazeti, urefu wake kama kidole cha shahada. Akakilaza kioo juu ya ufa, kama daraja, akakibandika ncha zote mbili kwa saruji aliyoichanganya katika kifuniko cha kopo, na kabla saruji haijashika akaandika tarehe kwa ncha ya msumari. Akaweka cha pili chini kidogo, na cha tatu karibu na dari. Kazi hiyo yote haikugharimu hata bei ya mfuko mmoja wa saruji. Kioo hakinyumbuki; ukuta ukisogea hata kwa unene wa unywele, hukatika, na mwenye kutaka kujua husoma tarehe na kujua. Kioo kikidumu masika nzima, ukuta umetulia na unaweza kutibiwa kwa amani. Aliwaambia wanunuzi wasitie sahihi mpaka mvua ya Aprili ipite, na muuzaji, kwa insafu ambayo lazima niikiri, alikubali.

Mvua ilikuja, na kioo cha juu kikakatika. Mzee alirudi siku hiyohiyo ya mvua, maana alikuwa akisisitiza kwamba nyumba inayokaguliwa katika jua imekaguliwa nusu, akawachukua wale walimu chini ya mwavuli hadi pembe ya nyuma. Pale lilisimama tangi la maji ya mvua. Lilikuwa limejaa, na bomba lake la kumwaga maji ya ziada lilikuwa fupi, likiyatema moja kwa moja penye msingi, ambapo udongo wa majivu ulikwisha kufanya kishimo kisichopungua dhiraa. Kwa miaka mingi tangi hilo lilikuwa likiukokota msingi kwa kila mvua kubwa. Mzee alimgeukia yule mwanamke, akasema, "Mama, nyumba hii haina maradhi ya ardhi. Ina maradhi ya maji."

Bomba likarefushwa hadi mtaroni, pembe ikachimbwa kwa vipande na kujazwa zege chini ya msingi, gharama ikatolewa katika bei, vioo vipya vikabandikwa. Ufa haukuzibwa hata baada ya hayo. Ulizibwa baada ya vioo hivyo kupita salama katika mvua iliyofuata.

Nani leo ana subira ya namna hiyo? Nyumba huuzwa kwa picha zilizopigwa kwa simu. Wakili hupekua hati, mthamini wa benki hukadiria thamani, na baina yao wote hakuna hata mmoja anayepanda darini. Dari za gipsamu zenye mapambo zimefunga kila kitu, hata wanaovujiwa na maji hujua siku dari inapowaangukia mezani. Wako walionunua viwanja huko Mwariki na Barut katika miaka ya ukavu, bila ya kuwauliza wazee wa mahali maji yaliwahi kufika wapi, na Ziwa Nakuru lilipoanza kupanda baada ya 2010, likameza hata lango kuu la mbuga, likawajia hadi vitandani. Kihoto, huko Naivasha, ilikuwa vivyo hivyo mwaka 2020. Siwasimangi waliopatwa, maana mtu hununua kwa kadiri ya uwezo wake. Nawalaumu waliowauzia ilhali wakijua.

Na uzembe huu si wa wanyonge peke yao. Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, fahari ya pwani nzima, ilifika tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake ikaporomoka ikiwa katikati ya ukarabati, ikaua watu wawili. Miaka mingi ya maji kupenya na dawa kuchelewa ilitangulia siku hiyo. Ikiwa jumba la mfalme haliwezi kusamehewa, nyumba yetu ya mabati itasamehewa kwa hisani gani?

Kinachohitajiwa ni kidogo mno, na hilo ndilo linaloniuma. Mwezi wa Februari, kabla ya masika, mwenye nyumba apande ngazi, akombe gatani vumbi letu jeupe na maua ya mijakaranda, akaze misumari iliyolegea, atazame kama chumvi imepanda ukutani kutoka sakafuni, avunje njia za mchwa zinazoambaa kwenye msingi, na ahakikishe kwamba kila tone la paa linakwenda mbali na nyumba. Asubuhi moja yatosha.

Wale wazee wanazeeka. Nawasihi walimu wa uashi, katika Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Rift Valley na kwingineko hapa bondeni, wawatoe vijana darasani na kuwapeleka katika nyumba kongwe za Bondeni na Kivumbini pamoja na mzee mmoja mwenye timazi, wafundishwe kubomoa lipu, kubandika kioo na kungoja mvua. Nawe unayetaka kununua, mtafute mzee huyo angali hai, mlipe ujira unaomstahili, wala usitie sahihi yako kabla mvua haijaipiga nyumba hiyo ukiwa ndani.