Kapiteni Blood na wale waliobaki ndani ya miwa

Juzi tuliandikiana mingi na mwenzangu mmoja wa promotion juu ya kitabu cha haramia. Ndiyo, haramia wa baharini, tena na mapenzi ndani. Msicheke, wapendwa. Sisi ba-agronome pia tunasoma hadithi za mapenzi, zaidi sana kama licence iko ku sanduku na kazi hakuna.

Kitabu njo Captain Blood cha Rafael Sabatini, kilichotoka mwaka 1922. Wengine mnajua filme yake ya 1935, ile ya Errol Flynn. Mimi nilikisoma kwa Kifaransa, ku telefone, siku tatu usiku. Usiku wa kwanza nilisema: huyu mtu njo sisi.

Juu Peter Blood hakuanza na uharamia. Ni daktari, amesomea Dublin, anaishi katika mji mdogo wa Uingereza na anatunza maua ku dirisha lake. Mwaka 1685 watu wanamwasi mfalme James II. Blood haasi. Anaitwa tu kumtibu majeruhi, anaenda, juu kazi ya daktari njo ile. Wanamkamata pale kando ya mgonjwa. Hakimu Jeffreys, ambaye katika historia alikuwa mtu wa kweli, anamhukumu kufa, halafu wanaona faida ni kumpeleka Barbados kuuzwa. Kanali Bishop, mwenye mashamba, anamnunua pauni 10, na hata hizo anazitoa juu mpwa wake Arabella amemsemea. Mtu mwenye diplome, pauni 10! Nani kati yetu hajasikia bei yake ikitajwa vile, ku mlango wa ofisi fulani?

Sabatini ni mjanja. Kabla Blood hajaiba hata merikebu moja, sisi tumekwisha kumsamehe. Sheria njo ilianza kumkosea, basi tunamwachia avunje sheria na tunashangilia. Byron alishafanya karibu vile tangu 1814 katika utenzi wake wa The Corsair: haramia mwenye huzuni, mwenye jeraha la zamani, anayempenda mwanamke mmoja tu. Lakini Sabatini anaongeza kitu ambacho nakipenda zaidi. Blood anaipa merikebu yake jina la Arabella, na siku wanakutana tena, Arabella anamwambia usoni kwamba hahesabu wezi kati ya watu anaowafahamu. Ile njo inamvunja. Bunduki za Wahispania hazikumfanya kitu, lakini neno la mwanamke mmoja linamkalisha Tortuga akinywa rhum. Katika hadithi nyingine za aina hii mwanamke anayeyuka tu, juu mwanaume ana nguvu na kovu ku uso. Hapa anahukumu, na sisi wasomaji tunangoja hukumu yake pamoja na Blood.

Mwenzangu akaniandikia: "Unaona, hata huku kwetu ba-Blood wako. Mtu amenyimwa haki yake, akaingia porini. Tumuite mwizi?"

Nikakaa na ile swali. Halafu nikarudia kurasa za Barbados, mara hii na macho ya agronome.

Stage yangu niliifanya katika bonde la Ruzizi, ndani ya miwa. Jani la muwa linakata mkono kama wembe. Na muwa ukishakatwa hausubiri: siku moja, mbili, sukari inaanza kupotea, kwa hiyo lazima usagwe mara moja. Njo maana Barbados ya wakati ule watu walisaga na kuchemsha usiku na mchana. Watu gani? Kufikia miaka ya 1680 Waafrika watumwa pale walikuwa wamezidi wazungu zaidi ya mara mbili. Waasi wa kweli wa 1685 waliopelekwa kule walihukumiwa miaka 10. Mwafrika alifungwa maisha yote, na watoto wake nyuma yake.

Sasa mtafute huyo Mwafrika ndani ya kitabu. Yuko, anapita nyuma, kama vile miwa yenyewe. Blood hakai sana shambani, juu gavana ana ugonjwa wa jongo na daktari anahitajika: diplome imemwokoa. Usiku wa kutoroka, wanaoondoka naye ni wafungwa wa uasi ule ule. Wengine wote wanabaki, na hadithi haigeuzi kichwa kuwaangalia. Arabella mwenyewe, hakimu wetu mwenye macho makali, anakaa kwa mjomba mwenye mashamba, na kuhusu sukari ile hakumu kitu.

Nikamjibu mwenzangu: kabla ya kuniambia fulani ni Blood wetu, niambie kwanza nani alibaki shambani siku ile aliondoka, na chakula chake kule porini kinatoka ku shamba la nani. Hajajibu bado. Alituma tu picha ya Errol Flynn na upanga.

Simlaumu. Kitabu ni kitamu, nitakirudia. Mwishoni Blood anasamehewa, anapata Arabella, na anawekwa gavana wa Jamaika. Nilifurahi kabisa, saa nane ya usiku, umeme umeenda, telefone iko na asilimia 4. Kesho yake njo nilikumbuka Jamaika ile ilikuwa inalima nini.